Moshi wa Chupa Tuliyopeleka Muleba

Kuna tusi ambalo mpaka leo halijashuka kooni. Kwa wakwe zetu Muleba, mbele ya wageni waliovaa makoti, baba yangu aliambiwa ameleta gongo, pombe haramu ya mtaani, ndani ya chupa ya wiski.

Tulikwenda kumposea mdogo wangu. Orodha yao ilitaja rubisi, na chini yake wiski halisi ya Skotlandi. Rubisi haikutusumbua. Baba huitengeneza mwenyewe, kwa ndizi anazoivisha juu ya uchanja wa jikoni, kwenye moshi. Wiski ndiyo iliyotupeleka Bukoba mjini.

Muuzaji alitusogezea boksi la rangi ya dhahabu. Baba hakulitazama, aliomba kuonja. Tukapewa mbili, kutoka chupa anazouzia kwa glasi. Ya kwanza ilikuwa na utamu wa asali. Ya pili ilinuka moshi. Baba akaiongezea maji matone machache, akanusa tena, akatabasamu.

"Hii imepita jikoni."

Muuzaji akaeleza kwamba huko Skotlandi hukausha shayiri kwa moshi wa udongo wa kinamasi. Tukanunua hiyo, chupa nzima, haijaguswa.

Muleba, Baba aliifungua mbele yao, akamimina, akanywa kwanza, kama inavyompasa aletaye kinywaji. Kisha akampa baba mdogo wa binti, msemaji wao. Yule bwana akaonja, akatema kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni.

"Waitu, jamaa zetu, hii mmeipikia Nyanga au Kemondo, kwa wapika gongo?"

Wakacheka.

"Imetoka dukani," nikasema. "Mmeona ikifunguliwa."

"Kijana, kizibo hata mimi najua kukirudishia. Moshi huu ni wa pipa la kupikia. Binti yetu haposwi kwa gongo. Fungeni vyombo vyenu."

Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Baba alinishika mkono nisisimame. Mzee aliyechagua kwa pua yake mwenyewe, akaliacha boksi la dhahabu ili awaletee kitu chenye harufu ya nyumbani, sasa anaitwa tapeli na watu wanaoijua harufu ya gongo kuliko ya uji!

Bibi wa binti, kwenye mkeka wake, akanyoosha mkono.

"Leteni hapa. Nani humu amepika gongo kunishinda?"

Akapelekewa glasi. Akanusa, akanywa, akaiweka mdomoni muda mrefu.

"Gongo inauma halafu inakimbia. Hii inakaa. Na moshi wake si wa kuni." Akamgeukia mwanawe, yule msemaji. "Wewe umekunywa ya kwangu tu, utajuaje nyingine?"

Posa ikapokelewa. Msemaji hakuomba radhi. Alitutoza faini ya kreti ya bia, eti kwa kuwachanganya wazee, na tulipokuwa tunaaga nilimwona akiingia chumbani na ile chupa, kizibo amekikaza vizuri.