Wagoni ya Muchanga

Mimi njo niliomba treni itembee tena. Leo watu wanasema wakubwa waliamua wenyewe. Waseme. Nilikuwa pale, na kinywa kilikuwa changu.

Ilikuwa vita. Treni ya Nyunzu ilikuwa imesimama kwa sababu watu walitega mabomu chini ya reli. Hapa Kalemie ndagala, samaki wetu wadogo, zilioza, mahindi hakuna. Kule Nyunzu panya walikula mahindi ghalani, na samaki hakuna. Wanaume walisukuma baiskeli zenye mizigo kando ya reli, wengine hawakurudi. Mimi nilisoma miaka mitatu tu, lakini niliona vile muji unakufa njia zake zikifungwa. Nililiona hilo katika sufuria yangu.

Basi sisi wanawake wa soko tukaenda biro ya wakubwa wa wakati ule. Wenzangu wakanisukuma mbele, kwa sababu sina haya.

"Papa shefu," nikamwambia mukubwa wao, "fungueni njia. Soko ikikufa, na ninyi mutakula nini?"

Akacheka. "Na nani ataendesha, mama? Wewe?"

"Mashinisti wapo. Wanakaa nyumbani kutazama bibi zao."

Wenzangu walicheka sana. Mimi pia nilicheka. Bwana yangu alikuwa mashinisti.

Juma lile lile askari alileta karatasi. Treni itatoka Alhamisi, na jina la kwanza lilikuwa la bwana yangu. Bwana yangu aliikunja ile karatasi polepole.

"Umeniuza pamoja na ndagala zako."

"Sikujua watakuchagua wewe."

"Ulizani watachagua bwana ya nani?"

Kukataa hakuwezekani; aliyekataa aliitwa adui, na tulijua adui wanapelekwa wapi.

Mbele ya mashini, ile inayovuta treni, waliweka wagoni moja wazi, wakaijaza muchanga na vyuma vizito. Mashini inaisukuma, na kama kuna bomu, bomu linapasua wagoni kwanza. Kati ya bomu na bwana yangu kulikuwa na muchanga ule tu.

Alhamisi nilimupelekea chakula kwenye gare ya treni. Wanawake walipakia magunia huku wakisema, "Aksanti mama, umetuokoa," na mimi nilitazama ile wagoni ya muchanga.

Siku ya tatu, muchana, tulisikia mulio mukubwa upande wa milima.

"Ni radi," mama wa chumvi akasema.

Mbinguni hakukuwa na wingu. Hakuna aliyenitazama. Sikuondoka kwenye meza yangu. Ningeenda nyumbani, majirani wangekuja kukaa chini na mimi, na hapo matanga yangekuwa yameanza.

Kesho yake, saa tisa, treni ikapiga honi. Nilikimbia. Mashini ilikuja yenyewe mbele, bila wagoni ya muchanga. Bwana yangu na wenzake walikuwa wametengeneza reli iliyopasuka kwa mikono yao. Bwana yangu alishuka, uso umejaa vumbi, damu imekauka sikioni.

"Wagoni imekwenda!" alipiga kelele. Hakusikia sauti yake mwenyewe.

Nilimushika mukono, sikuuachia. Wenzangu walikuwa wamekwisha kubeba magunia ya mahindi.

Papa shefu alifika na furaha. "Unaona, mama? Njia iko wazi. Alhamisi tena."

"Na wagoni ya muchanga?"

"Hatuna ingine. Itatembea hivyo hivyo. Si wewe uliomba?"

Bwana yangu alitazama vinywa vyetu. "Anasema nini? Anasema nini?"

Nyuma ya shefu kulikuwa na askari wawili. Nikasema, "Bila wagoni ya muchanga, hakuna gunia la ndagala litapanda."

Shefu akageukia wanawake. "Mumesikia mama yenu?"

Halafu mujane mumoja akatua gunia lake la mahindi, akakaa juu yake, akamutazama shefu. Na mwingine akakaa.

Treni ilisimama mpaka walipopata wagoni ingine. Mahindi yaliisha tena. Wengine walinisema sokoni kwamba nimependa bwana yangu kuliko matumbo ya watoto wao. Sikubishana nao. Walisema kweli.