Methali Mbili, Maksai Mmoja

Nichekeni mtakavyo, lakini kauli yangu siifuti. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Mogitu, na kwetu nilikotoka tunalima kwa jembe la mkono.

Mvua ya kwanza iliponyesha, jirani yangu Mzee Qamara, mtu wa papara, aliniuliza kama alime kesho yake. Nikamwambia, "Mzee wangu, haraka haraka haina baraka. Acha udongo ulowe." Jioni akaja Mama Paskalina, ambaye hata chai yake hupoa mkononi akiwaza. Huyo nikamwambia, "Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kesho ingia shambani!"

Nikalala nikijisifu. Kumbe wawili hao wana maksai mmoja mmoja, na kila msimu huwafunga nira moja wakalimiana! Asubuhi Mama Paskalina akafika shambani na maksai wake, akijua mwenzake hachelewi kamwe. Wa Mzee alikuwa ameshapelekwa malishoni, mbali kabisa.

Nikiwa darasani, wakatokea dirishani wote wawili na maksai mmoja, nira imemlalia upande.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwalimu, methali ipi ni ya uongo?"

"Hakuna! Wewe una papara, mama ni mzito. Kila mtu nilimpa dawa yake, na kesho nitawapa tena!"

Wanafunzi walikuwa wameshapanda juu ya madawati.

"Sawa, zote ni za kweli," akasema Mama Paskalina. "Basi toka nje, mwalimu. Upande wa pili wa nira uko wazi."