Dakika Tatu za Shukrani

Sauti yangu ni nzuri. Nasema hivi bila aibu, kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho chuo kikuu hakikunipa na umri bado haujaninyang'anya. Ndiyo maana binti wa dada yangu, mwanafunzi wa kompyuta hapa Kigali, alipotengeneza programu ya simu ya kuwasomea wapiga kura habari zao, alikuja kwangu Kabeza kunirekodi.

Programu yenyewe ilikuwa rahisi, na urahisi huo ulimlia miezi mingi. Unagusa popote kwenye kioo cha simu, sauti inakueleza pa kupigia kura, kitambulisho cha kuchukua, na siku ya mwisho ya kuhamisha jina lako kama umehama mtaa. Aliitengeneza kwa ajili ya wasioona na wasiojua kusoma. Kinyarwanda alirekodi mwenyewe. Kiswahili alinipa mimi niliyekulia Tanzania. Aliniandikia sentensi sita, na ya kwanza ilikuwa ile ya tarehe, siku ya mwisho ya kuhamisha jina.

Nilizitazama kama mtu aliyealikwa harusini akapewa maji.

"Ndiyo yote haya?"

"Iko yote, mjomba."

"Na salamu? Huingii kwa watu ukaanza na tarehe."

"Mjomba, mtu amegusa simu. Anataka tarehe."

Nilikaa na karatasi ile wiki nzima. Niliwasalimu wananchi kwa rika na vyeo vyao. Nilimshukuru Mungu, viongozi wa mtaa, vijana wetu, na mwishowe teknolojia yenyewe, ambayo sidhani ilijali. Sentensi zake sita nikazisukuma nyuma, kama ndugu waliochelewa sherehe wakakalishwa mlangoni. Rekodi ilitoka dakika nne. Tarehe ilisikika baada ya dakika ya tatu.

"Nikate kidogo hapa mwanzo?" aliuliza, kwa ile sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri.

"Ukate shukrani? Zimekukosea nini?"

Akacheka, kwa sababu mzaha wa mjomba huchekwa. Hakukata. Yeye alikuwa na haki, mimi nilikuwa na umri, na katika ukoo wetu tunajua kipi kinashinda.

Tuliizindua baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wakiwa bado na majembe, wamekaa kwenye nyasi kwa mkutano wa mtaa. Sauti yangu ilisikika dakika moja hivi, makofi yakapigwa, na mwenyekiti akaizima ili aingie kwenye ajenda ya mitaro. Makofi yale niliyachukua nyumbani. Kwamba hakuna aliyefika kwenye tarehe, halikunipitia akilini.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa jirani yangu, mama mmoja mzaliwa wa Kigoma aliyeolewa huku zamani, sasa mjane. Macho yalimwacha miaka kadhaa iliyopita. Alikuwa ametoka Gikondo, mtaa mwingine wa Kigali, nyumba ya nyuma ya gereji, akaja kuishi na binti yake mtaani kwetu. Kila uchaguzi mtu alimshika mkono kumpeleka.

"Safari hii naenda mwenyewe," aliniambia. "Nimechoka kuvutwa kama mbuzi wa Idi."

Shule tunayopigia kura haiko mbali. Alikuwa amehesabu hatua kutoka geti la binti yake hadi mlango wa shule: mia nne na kumi na mbili, na mtaro mmoja wa kurukwa. Kilichobaki ni jina lake kuhama kutoka Gikondo. "Simu itaniambia lini," alimwambia binti yake, aliyetaka kumsaidia. "Wewe niachie."

Simu ilikuwa ya binti. Kila asubuhi, chai ikichemka, mama aligusa kioo, nami nikaanza kuwasalimu wananchi. Nilipofika kwenye kuwashukuru vijana, chai ilikuwa tayari, na binti anachukua simu yake na mkoba, anakimbilia basi. Kesho yake nilianza tena na salamu. Mama alidhani ndio utangulizi wa siku zile, kwamba habari zenyewe zingekuja uchaguzi ukikaribia.

Wiki moja kabla ya kura, mpwa wangu alipita kwa watumiaji wake mmoja mmoja kuhakiki majina. Alirudi kwangu akasimama mlangoni.

"Yule mama jina lake iko bado Gikondo, mjomba. Na muda umepita."

Basi. Nilimsubiri anitukane, ningepata la kujibu. Akaomba maji ya kunywa, akanywa, akaaga.

Siku ya kura nilimpeleka kwa gari langu, nikamshika mkono kukatiza uwanja wa shule ya Gikondo. Chumba cha kura, kama ilivyo desturi huku, kilikuwa kimepambwa vitambaa na maua kama cha harusi, nikamweleza rangi zake, akaitikia kwa adabu. Watu walitupisha mbele. Alipiga kura yake, tukaondoka.

Njiani akauliza, "Ile programu unayo kwenye simu yako? Niwekee. Leo hakuna anayekimbilia kazi."

Nikamwekea. Nilitaka kuruka mwanzo, lakini hapakuwa na kitufe cha kuruka. Mpwa wangu hakuona sababu ya kuweka kitufe hicho kwa sentensi sita. Kwa hiyo tulisikiliza salamu zote, foleni nzima ya barabara ya uwanja wa ndege. Ilipofika kwenye kuishukuru teknolojia nilihisi masikio yangu yanawaka. Kisha tarehe ikaja. Mama akainua kidole.

"Kumbe ulisema."

"Nilisema, mama."

"Tena vizuri," akasema. "Nishushe pale shuleni, mwanangu. Siyo nyumbani."

Nilisimamisha gari mbele ya shule yetu, ambako majirani walikuwa bado kwenye mstari. Alishuka, akagusa nguzo ya mlango, akageuka, akaanza kuhesabu kurudi nyumbani. Nilifungua mlango nimfuate.

"Kaa humo humo," alisema bila kugeuka. "Kumi na moja. Kumi na mbili."

Nikakaa. Simu ilikuwa bado inaongea kwenye kiti alichokalia mama, inawashukuru wananchi kwa kunisikiliza hadi mwisho.