Kibao cha Duka la Kwenti

Kutoka Songea hadi Dar es Salaam nilitumia siku tisa juu ya magunia ya mahindi kwenye lori, mbili kati ya hizo tukiwa tumekwama matopeni. Nilishuka Buguruni na matope hadi kwenye nywele, nikaingia duka la kwanza nililoliona kununua kiberiti.

Mwenye duka, mzee wa asili ya Kiarabu ambaye mtaa mzima ulimwita Ami, aliinuka kwenye mkeka wake. Kwa kiberiti! Akavaa kofia, akanipa mkono, akauliza habari za safari, za mama, za baba, za mifugo. Kwa uchovu nikamwambia kwamba shangazi yangu anaumwa mguu. Kiberiti kilikuja baadaye sana. Tangu siku hiyo hakukosa kuuliza mguu wa shangazi.

Nilipata kazi ya ukalimani kwa bwana afya, Mwingereza kijana. Siku tuliyokwenda kukagua duka la Ami, mzee alimwinukia vilevile na kumuuliza hali ya mama yake huko Ulaya. Mzungu akatabasamu, akanigeukia na kusema neno moja: “Quaint.”

Kiingereza changu cha sekondari hakikuwa nalo.

“Anasemaje, mwanangu?”

“Anakusifu, Ami. Anasema wewe ni… kwenti.”

Wiki iliyofuata kibao kilitundikwa juu ya mlango, kwa herufi za kijani: DUKA LA KWENTI. Ami alikifuta vumbi kila asubuhi.

Jumamosi moja makarani wawili wa mjini walisimama barazani, wakashikana mabega kwa kicheko.

“Mzee, nani kakuandikia hiki? Umejiita kioja!”

“Tena kioja cha kale!”

Ami akawapimia sukari yao, akawaaga kwa heshima. Walipopotea akaniita. “Mwanangu, nimejitundikia tusi mlangoni?”

Nikaenda kwa mwalimu mmoja aliyekuwa na kamusi nene, nikasoma mara tatu. Nikarudi, nikakaa naye mkekani, nikamwambia yote.

“Siku hizi ni kitu cha kikale kinachopendeza kwa sababu si cha kawaida. Kucheka kidogo kumo, Ami.”

Akainamisha kichwa.

“Lakini halikuanza hivyo. Zamani lilimsifu mtu mwerevu, au kitu kilichotengenezwa kwa ufundi. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa wakalitoa kwenye Kilatini. Huko maana yake ilikuwa kinachojulikana.”

“Kinachojulikana?” Aliinua macho. “Sasa wale vijana wanacheka nini? Mie nimejulikana Buguruni kabla baba zao hawajavaa viatu!”

Kibao kikabaki.

Nimehama miji mingi tangu hapo. Miguu yangu haijui kutulia. Sijaona tena mtu anayemwinukia mnunuzi wa kiberiti. Wakati ule niliona ni adabu ya kikale tu. Sasa naona ulikuwa ufundi, na Ami hakumnyima yeyote aliyeingia.

Siku nilipoondoka Buguruni moja kwa moja, kufuata kazi Tanga, gari lilinisubiri barabarani. Ami aliinuka, akavaa kofia, akaanza: mama, baba, mifugo. Dereva akapiga honi, akapiga tena.

“Ami, nitaachwa.”

“Mwambie asubiri,” akasema, mkono wangu bado mkononi mwake. “Hatujafika kwenye mguu wa shangazi.”