Mwamba Ambao Madam Hakuuamini

Siku yangu ya kwanza kazini, Embu, sikupewa kiti. Nilipewa nyundo na vijiti vya chuma. Kazi yetu ilikuwa kutafuta maji ya chini ya ardhi kabla kisima hakijachimbwa. Unapigilia vijiti, unapitisha umeme, kisha kipimo kinakuonyesha ardhi inaukataa kiasi gani. Mwamba mkavu huukataa sana. Mwamba uliopasuka na kushika maji huupitisha. Nyinyi vijana wa leo mkiona picha za rangi kwenye kompyuta, mnadhani mmefika huko chini.

Niliwatumikia wakubwa wawili, na hadi leo sijui nilimpenda nani zaidi. Mhandisi aliamini kila tabaka la mwamba tulilochora kutokana na vipimo. Madam Mwanajiolojia, bingwa wa miamba, hakuamini hata moja.

"Mlima Kenya ukifunikwa na mawingu, umeenda wapi?" Mhandisi alipenda kumchokoza.

"Mlima tulishauona, Bwana Mhandisi. Huo mwamba wako nani amewahi kuuona? Mimi naona sindano ya kipimo. Mchoro ni wa kutusaidia kuchagua mahali, basi."

Nilidhani ni ubishi wa saa ya chai, mpaka tulipotumwa Kiritiri kuwapimia kikundi cha akina mama. Mtambo wa kuchimba ungekuja mara moja tu. Tukikosea, wangerudi kufukua maji kwenye mchanga wa mto. Vipimo vilitoka vizuri mno, na Mhandisi akataka tuchimbe hapo hapo. Madam akakataa kutia sahihi.

"Udongo wa mfinyanzi nao hupitisha umeme hivi hivi, na kisimani hautoi maji," alisema.

Mwenyekiti wa akina mama akanigeukia. "Wewe mtu wa mashini, tuambie. Maji iko ama haiko?"

Nikainama kukunja nyaya. Niliona aibu kweli.

Madam akaagiza tupime kwa njia isiyohusiana na umeme: kugonga bamba la chuma na kupima kasi ya mtetemo ardhini. Pale ulijikokota, kama kwenye udongo. Tulipohamia karibu na soko la mbuzi, umeme na mtetemo vikakubaliana: mwamba uliopasuka. Madam akatia sahihi.

"Vyombo viwili visivyojuana vitakubalianaje juu ya kitu ambacho hakipo?" Mhandisi akamuuliza. Nikaona leo kampata.

Maji yalipotoka, mwenyekiti alilia waziwazi, akampa Madam kikombe cha kwanza. "Haya, sasa umeamini?"

Alikunywa chote. "Maji naamini, mama. Mwamba bado sijauona."

Mhandisi alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa nimestaafu, nalima ndizi Kanyakine. Mhandisi alinipa moyo wa kuchimba. Madam alinifunza kutochimba ovyo. Bila mmoja wao, Kiritiri tungetoboa udongo au tusingetoboa kabisa.

Kila kiangazi kikikaza, mwenyekiti hunipigia simu, nami huipokea moyo ukidunda.

"Kijana wangu, maji bado iko."

Hapo humpigia Madam. Yeye naye ni mzee sasa, na jibu lake ni lile lile: "Mungu ashukuriwe. Na mwamba je, kuna aliyeuona?"