Wageni Waliokataa Kusindikizwa

Shuleni kwetu Buffalo, Marekani, mtoto akiletwa katikati ya mwaka tunajua katoka uwanja wa ndege. Hakuna anayeuliza. Anaingia na koti jipya lisilomtosha na kimya kingi, na darasa linampokea, maana karibu wote waliingia hivyohivyo. Mimi ni msaidizi wa mwalimu wa darasa la nne. Mrundi, nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, nikapanga vifurushi ghalani Okolona kule Louisville mpaka mgongo ukagoma, nikahamia Columbus nikafagia maduka ya Morse Road, ndipo nikafika huku, ambako nalipwa kwa kusema "kaa chini" kuanzia asubuhi hadi basi la watoto lije. Nimeshafanya kazi mbaya zaidi.

Mwezi wa pili akaletwa msichana wa miaka tisa, nywele ndefu amezisuka mkia mmoja mgongoni. Watoto wetu wakamvamia kwa wema. Mmoja akamfundisha foleni ya chakula, mwingine akamweleza polepole, kwa sauti ya juu kama wanavyosemeshwa wazazi wao ofisini, kwamba maji ya bomba ya hapa yananyweka. Wakamwambia asiogope theluji, inaisha. Huo ulikuwa uongo, lakini wa nia njema. Mvulana mmoja wa Kivu, mwenye mdomo usiojua likizo, akamletea glavu kutoka kanisani kwao na kumuuliza, "Bon, ninyi mulikuwa kambi gani?"

Msichana akasema hakutoka kambi yoyote. Wakatazamana kwa huruma. Wanajua wapo wanaoona aibu kutaja.

Basi, mtoto yule alikuwa Mseneca, kabila la wenyeji wa asili wa nchi hii. Watu wake waliishi hapa kabla mji huu haujapewa jina lake la sasa. Alikuwa akiishi kwa bibi yake, kwenye kipande cha ardhi walichobakiziwa, mwendo wa gari usiofika saa moja, na alihamia mjini kwa sababu mama yake alipata kazi. Aliwaeleza wenzake, wakamwambia sawa, sawa, utazoea. Akaeleza tena. Kisha akaacha kuzungumza kabisa, na chakula chake cha mchana kikawa kinarudi nyumbani kama kilivyokuja.

Asubuhi moja bibi yake akaja. Mama mnene, mtulivu, mkoba mweusi mkononi. Akamwambia mwalimu, bila kupandisha sauti, kwamba amekuja kumchukua mjukuu wake akasome kule nyumbani, na mama wa mtoto ameridhia.

"Kuna mtu amemwonea?" mwalimu akauliza.

"Hapana. Wanampenda sana," bibi akasema. "Ila jana aliniuliza kama ni kweli na sisi tulitoka mahali pengine."

Mwalimu wetu ni kijana wa Kimarekani, roho safi, na akiona haya hubadilika rangi hadi masikioni. Akamsihi abaki kwa kipindi kimoja tu. Kwa bahati, au kwa balaa, somo la siku hiyo lilikuwa ni wenyeji wa asili walivyokutana mara ya kwanza na watu waliotoka ng'ambo. Likiisha, kama bado anataka, mwalimu mwenyewe atambebea mtoto begi hadi garini. Bibi akatazama saa ya ukutani. Akakaa kwenye kiti kidogo cha mtoto, koti hakuvua. Mjukuu akakaa ubavuni pake, begi mapajani.

Nami nikajua kuwa tumekwisha, kwa sababu mwalimu alikuwa amepanga igizo. Ninachukia maigizo. Kila mara kuna mtoto anayelia na mimi ndiye ninayemfuta makamasi.

Zulia la buluu likawa bahari. Kundi moja likapanda meli, yaani meza mbili, na nahodha akapewa kadi yenye maelekezo pamoja na bendera ya karatasi. Kundi la ufukweni halikupewa kadi. Hao walikuwa wenyeji, wajiamulie wenyewe. Mwalimu akaweka humo watoto wa Kivu na wa Burundi, wote wakiongozwa na yule wa glavu. Ubaoni alishaandika neno "mgogoro" na kulipigia mstari, tayari kwa mazungumzo.

Meli ikafika. Mgogoro haukufika.

Watoto wetu walikimbia kuleta viti. Nahodha akapewa kile kiti cha mwalimu kinachozunguka. Wakawamiminia mikononi maji ya kunawa ambayo hayakuwepo. Wakatoa biskuti na chipsi walizofungiwa na mama zao, za kweli hizo, wakawapa wageni wakala. Wakauliza habari za safari. Habari za nyumbani. Mama hajambo? Watoto je? Hakuna aliyeuliza wamefuata nini, maana kwetu mgeni humuulizi shida yake akiwa bado anatafuna. Mwalimu akatazama saa. Akanitazama mimi. Nikatazama dari.

Wageni walipomaliza kula, wenyeji wote wakasimama kwa pamoja. Mmoja akachukua begi la nahodha akalitia begani, mwingine akafungua mlango wa darasa.

"Haya, tuwasindikize," akasema mvulana wa Kivu.

Nahodha akasoma kadi yake. "Hatuondoki."

"Donc munalala? Hakuna shida. Kesho tutawasindikiza."

"Hatuondoki kabisa," nahodha akasema, na kwa kuwa ndivyo kadi ilivyoelekeza, akabandika bendera kwenye kabati la vitabu.

Jamani! Ungeona nyuso zile. Mvulana, begi bado begani, akamgeukia mwalimu kumshtaki mwenzake: huyu amesoma vibaya. Mgeni anakula, mnaongea, mnamsindikiza hadi njiani, anaenda kwao. Nikamfafanulia mwalimu kwa Kiingereza kwamba kwetu mgeni haachwi aondoke peke yake, ni aibu kubwa, na watoto hawa wanasubiri kutoka naye. Mwalimu akashusha pumzi.

"Hakusoma vibaya," akasema. "Hawakuondoka."

Ndipo ikasikika sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu wiki zile za mwanzo.

"Wakaleta na wengine," alisema yule msichana.

Wote wakageuka. Mrundi wetu mmoja, binti mdogo anayefikiri huku ametoa ulimi, akamuuliza, "Kwa hiyo wewe hukuja na ndege?"

"Sikuja."

"Na bibi yako?"

"Hakuja."

"Na bibi yake bibi yako?"

"Hakuja popote. Tulikuwa hapa. Niliwaambia."

"Kweli ulituambia," binti akakubali.

Laiti somo lingeishia hapo. Mwalimu alikuwa tayari kashika kalamu yake, uso umemng'aa. Lakini mvulana wa Kivu alishusha begi la nahodha taratibu, na midomo ikaanza kumtetemeka. Yesu wangu, nikasema, huyu ndiye wa leo, nikatafuta tishu.

"Na sisi tulikuja," akamwambia msichana. "Mama anasema haturudi. Unataka tuondoke?"

Mwalimu akafungua mdomo. Bibi akainua kidole kimoja, na mwalimu akaufunga.

Niseme ukweli, niliogopa. Nimehojiwa na maofisa wa kila aina kabla ya kuingia nchi hii, nimepimwa, nimepigwa picha, nimegongewa mihuri. Sikuwahi kuulizwa, wala mimi sikuuliza, kama kuna mwenye nyumba anayepaswa kuombwa. Na sasa nimesimama na tishu mkononi nasubiri mtoto wa miaka tisa aamue.

Msichana akamtazama bibi yake. Bibi alikuwa anatazama nje dirishani, hana msaada.

"Kaeni," msichana akasema mwishowe. "Ila mkitaka kitu, ombeni kwanza. Na mkijibiwa, msikie."

Mvulana akajifuta pua kwa mkono wa sweta. Akafikiri. Hajawahi kufikiri muda mrefu namna ile tangu nimjue. Kisha akanyoosha mkono juu, akimwelekea msichana, wala si mwalimu.

"Naomba kukaa karibu na wewe wakati wa chakula."

Msichana akampima kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Kesho," akasema.

Bibi yake akachukua mkoba wake na kwenda garini peke yake.