Mama Sura na Diski Iliyosema Kila Kitu Kipo Salama

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Manyunyu yamekuwa yakidondoka tangu alfajiri, mepesi, yasiyomlowesha mtu lakini yanayotosha kumkasirisha aliyeanika nguo. Saa mbili kasorobo, taa za maduka bado zinawaka kama vile jua limeomba ruhusa.

Mlango wa duka moja dogo la picha umefunguliwa nusu. Ndani, mwanamke wa miaka hamsini na miwili ameketi mbele ya kompyuta akiwa bado na koti mwilini. Mikono iko mapajani, macho ameyafumba.

"Bwana, ilinde kazi ya watu," anasema kwa sauti ya chini. "Na mimi nilinde na uvivu wangu. Amina."

Kisha anafungua kopo la biskuti. Ndani yake, ndani ya soksi safi ya mtoto, mna diski ya kuhifadhia mafaili, nyembamba kama kipande cha sabuni. Anaichomeka. Anawageukia wanawake wawili walioketi kwenye benchi wakisubiri huduma.

"Mama zangu, nitajieni namba yoyote. Moja mpaka mia tatu na tisini."

"Tunacheza bahati nasibu?" anauliza mmoja, mwenye kilemba cha kijani.

"Afadhali ingekuwa bahati nasibu. Taja."

"Haya, mia tatu na saba."

Anaitafuta namba hiyo kwenye diski, si kwenye kompyuta. Picha inafunguka: kijana amesimama kando ya baiskeli, suruali pana, kifua mbele. Anaikuza mpaka vifungo vya shati vinaonekana, anaichapa ndogo, kisha anaibandika ukutani, mahali ambapo picha nyingine arobaini na kitu zimeshapangwa safu kwa safu.

"Yupo," anasema.

"Nani huyo?"

"Jina lake silikumbuki. Lakini yupo."

Ndivyo anavyoanza kila Jumamosi. Watu wanamwita Mama Sura, kwa sababu kazi yake ni kuzirudisha sura za watu. Unamletea picha iliyochanika, iliyoliwa na mende au kukunjwa miaka thelathini ndani ya pochi. Anaiingiza kwenye kompyuta kwa skana, halafu anakaa nayo siku mbili au tatu, akiziba nyufa moja baada ya nyingine kama mtu anayeshona tundu la soksi. Wengi wa anaowashona wameshafariki.

Alianza kazi kwenye chumba cha giza, enzi za kusafisha picha kwa dawa. Kompyuta aliigusa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka arobaini na moja, katika masomo ya jioni ambako yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote, mwalimu akiwemo.

"Siku ya kwanza walidhani nimemfuata mwanangu," anasema akicheka. "Nikawaambia, jamani, mwanafunzi ni mimi. Niliomba Mungu anipe kushika mambo. Na nikishika jambo, huwa siliachii."

Jambo moja alilolishika lilikuwa hili: kazi haikai C. Mwalimu aliwaeleza kwamba kompyuta ni kama kabati la droo mbili. Droo ya C ni ya mashine yenyewe. Ikiugua, fundi anaifuta yote na kuanza upya. Basi kazi ya mteja weka droo ya pili, D, haitaguswa. Mama Sura aliandika sentensi hiyo kwenye karatasi, akaibandika juu ya kioo cha kompyuta. Kwa miaka kumi hakuna sura hata moja iliyolala C.

Kisha akajifunza pia habari ya bekapu, yaani nakala ya akiba. Kompyuta yake ilikuja na kifaa chake cha kazi hiyo, programu iliyomo humohumo ndani, bure. Akanunua diski ya nje. Kila Ijumaa, kwa miaka mitatu, aliichomeka, akabonyeza, akasubiri. Kila Ijumaa ilitokea alama ya kijani na maneno ya kumtuliza moyo: nakala imekamilika, mafaili yako yako salama.

"Nilikuwa namshukuru Mungu kwa ile alama," anasema. "Kweli kabisa. Naisoma, nasema amina, nafunga duka."

Julai mwaka jana, diski ya ndani, yenye droo zote mbili, ilianza kutoa sauti kama kuku anayedonoa debe. Kufika mchana ilikuwa kimya. Fundi wa kompyuta alitikisa kichwa. Mama Sura hakutikisika. Alikwenda kuchukua diski yake ya akiba huku akimpigia fundi hadithi za hapa na pale.

Waliifungua pamoja. Walikuta barua mbili, mazoezi yake ya masomo ya jioni, picha ya maua inayokaa kwenye kioo, na ratiba ya usafi wa kanisa, nakala mia moja na hamsini na moja.

Sura za watu hazikuwamo. Hata moja.

Kile kifaa, kisipoambiwa vingine, kilikuwa kinanakili mafolda ya kawaida tu, yale yanayokaa C. Droo ya D hakikuifungua siku hata moja, wala hakikusema kwamba hakiifungui. Angekuwa mzembe, akatupa kazi popote kama wafanyavyo wengi, angeokoka. Uangalifu wake ndio uliomponza.

"Fundi aliniuliza, 'Mama, hukuwahi kujaribu kuzirudisha?' Nikamwambia, nirudishe nini, na vitu havijapotea?" "Sasa hivi jibu lile linanichekesha. Siku ile sikucheka."

Picha alizopoteza anakadiria ni elfu moja na mia tisa. Kwa wiki mbili hakufungua duka.

Aliporudi alijaribu njia nyingine iliyokuja na kompyuta, ile ya kupeleka mafaili mtandaoni. Ilimaliza kifurushi cha mwezi kwa siku mbili. Ikafika kiwango cha bure, ikasimama. Ishara ya kwamba imesimama ilikuwa kitone chekundu pembeni, kidogo kuliko punje ya mtama. Yeye alidhani ni urembo.

Aliyemtoa kwenye shimo ni wifi yake, karani wa kumbukumbu katika zahanati, mwanamke asiyeamini kitu mpaka akione kwa macho mawili.

"Wifi ninayemtegemea ni huyu," Mama Sura anapenda kusema. "Ile nyingine hukatika kila mvua ikinyesha."

Wifi alimwekea programu ndogo ya bure wanayoitumia kazini kwao. Haina maua wala maneno matamu. Inakuuliza folda gani, inakwenda wapi, halafu inalinganisha faili kwa faili na kukuonyesha kilichokosekana. Walinunua diski mbili, zilizokula pato la wiki tano. Moja inakaa dukani, nyingine nyumbani kwa wifi, na kila Jumamosi zinabadilishana. Lakini sharti kubwa la wifi lilikuwa hili: kila Jumamosi achukue picha moja bila kuichagua yeye, kwa namba atakayotajiwa na mtu mwingine, na kuirudisha kutoka kwenye diski ya akiba.

"Nilimwambia nitasali," anasimulia Mama Sura. "Akaniambia, 'Sali, wifi yangu. Mungu kakupa akili, mimi nimekupa diski mbili. Usimrudishie kazi uliyopewa wewe.'"

Tangu hapo amekuwa akiwatafuta wateja wa zamani kwa simu, mmoja mmoja. Anawaambia ukweli, anawaomba walete picha aliyowachapia aiingize upya. Wengine wamemtukana. Wengine wamehama. Mia tatu na tisini wamerudi, na kazi hiyo hawalipii.

Jina moja kwenye daftari lake la wateja hajalipigia simu, na halihitaji simu. Ni jirani, fundi wa saa, anayeitwa Mzee Dakika, mwenye kibanda cha kioo hatua ishirini ng'ambo ya barabara. Miaka sita iliyopita alileta picha pekee ya marehemu mkewe. Mama Sura aliitengeneza, akachapa moja. Ile ya asili ililowa paa lilipovuja, ikabaki uji. Mwaka mzima Mama Sura amekuwa akipita pale asubuhi, anasalimia, anaendelea na safari.

Saa tatu na robo leo, Mzee Dakika anaingia dukani akipangusa manyunyu kwenye kofia. Ana fremu ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mama Sura, jua limemla mke wangu," anasema. "Nimemweka pale kibandani anitazame nikifanya kazi, tazama sasa." Nusu ya uso kwenye picha imekuwa nyeupe kama karatasi. "Nitolee nyingine. Wewe ulisema humo ndani hazeeki."

Wanawake wa benchi wanacheka. Mama Sura hacheki. Anasimama, anavua miwani.

"Shikamoo, baba. Keti kwanza."

"Marahaba. Nikae kwa nini? Si kubonyeza tu?"

"Humu ndani hayumo. Mashine ilikufa Julai. Nilidhani nimemweka mahali pawili, kumbe palikuwa mahali pamoja tu. Nisamehe."

Mzee Dakika anakaa. Mwenye kilemba anasogea kumpisha.

"Julai," anasema mzee. "Na shikamoo zote zile ulizonipa asubuhi, ulikuwa umelibeba hili?"

"Ndiyo, baba."

"Zote?"

"Zote."

"Mimi nikimaliza saa simkabidhi mwenyewe siku hiyohiyo," anasema, sauti imepanda. "Naiweka siku tatu kando ya saa nyingine. Saa inaweza kudunda vizuri tu, na inakudanganya! Wewe saa yako ya pili ilikuwa nani?"

"Sikuwa nayo." Anaonyesha ukutani, kwenye safu za picha ndogo. "Ile pale ndiyo sasa. Kila Jumamosi moja."

Mzee anazitazama muda mrefu, moja moja, kama anayetafuta mtu kituoni. Kisha anamsukumia fremu.

"Fanya unachoweza."

Picha inapita kwenye skana. Kwenye kioo cha kompyuta, jicho moja la mwanamke limebaki, nyusi moja, na nusu ya tabasamu. Kwingine kote ni weupe. Mama Sura anavaa miwani tena. Nusu iliyobaki itampa mwongozo wa nusu iliyopotea, anaeleza, lakini kuna mambo ambayo nusu moja haijui kuhusu mwenzake.

"Nakumbuka alikuwa na kishimo shavuni, kimoja tu, na upande huu hakipo," anasema. "Kilikaa wapi hasa, baba? Karibu na mdomo, au juu?"

Mzee Dakika anagusa shavu lake mwenyewe, chini, kisha juu. Anatikisa kichwa. "Sipati. Ngoja." Anafumba macho na kunyoosha mkono hewani, mbele yake, kwenye kimo cha mtu mfupi kuliko yeye. Kidole gumba kinatulia mahali.

"Hapa," anasema.

Hakuna anayecheka. Mama Sura anaweka alama kwenye kioo, palepale, na kuuliza kama ni hapo. Mzee anafumbua macho, anatazama, anaomba isogee kidogo kushoto. Inasogea.

"Nipe siku sita," anasema Mama Sura. Baada ya hapo, anasema, bado ana majina elfu moja na mia tano kwenye daftari, na Mungu akimpa uzima atayafikia yote, kwa miguu pale simu isipopokelewa.

"Siku sita nakupa," anajibu mzee. "Lakini safari hii sitaki kuambiwa na kompyuta. Sema wewe, kwa sauti, hawa wasikie."

Mama Sura anaitazama karatasi ya zamani iliyo juu ya kioo, kisha benchi, kisha mzee.

"Mbele ya mama zangu hawa naahidi," anasema. "Mkeo atakaa mahali patatu: humu, kwenye kopo, na nyumbani kwa wifi yangu. Kila Jumamosi, kabla sijafungua mlango wote, namba ya kwanza itakuwa yake, na wewe utakuwa umesimama hapa unatazama. Na neno 'yupo' sitalitamka tena kwa mtu yeyote mpaka nimemwona."